Kioo Hakisomi Gazeti

"Kioo kimeisha, jamani," alisema Redio, fundi bomba aliyeziba kila kitu mjini isipokuwa mdomo wake. Alilikunjua gazeti juu ya pipa, pale kwenye kibanda cha bia cha Klavdia. "Mita sita upana, cha darubini kubwa kupita zote duniani. Miezi miwili kabla ya wakati, kwa heshima ya Sikukuu ya Mapinduzi. Haya Mikron, tununulie bia. Si wewe uliyekisugua?"

Zahar Lukich, aliyeitwa Mikron, yaani sehemu ya elfu ya milimita, kwa sababu hata mkate aliukata kwa kupima, aliendelea kumenya samaki wake mkavu.

"Kimeisha gazetini. Kiwandani bado kina kilima."

"Kilima gani tena?"

"Chukua unywele wako mmoja, uupasue mara elfu. Kipande kimoja ndicho hicho kilima."

"Unywele ataupata wapi?" aliuliza Klavdia, akikitazama kipara cha Redio.

"Acha fiksi, Mikron," alisema Redio. "Barabara ya kwetu ina mashimo ya kumeza ng'ombe, na ilifunguliwa kwa bendi."

"Barabara haitazami nyota. Kwa kilima hicho, nyota moja itaonekana mbili."

"Basi mpango umetimia mara mbili. Unalalamika nini?"

"Si mkisugue harakaharaka, mzee?" alisema Klavdia.

"Ukikisugua kinapata joto, kikipata joto kinavimba. Unasugua saa moja, unangoja siku nzima kipoe, ndipo upime. Wiki iliyopita wageni wa wizara waliingia mle kiwandani, wakahutubia dakika arobaini. Kioo kikavimba kwa pumzi zao. Tulikaa siku tatu tukingoja hotuba ipoe."

Walicheka mpaka alipotokea Eduard Semyonich wa ofisi ya mipango, ambaye kijiweni jina lake lilikuwa Mpango. Alikuwa na kalamu na karatasi ya kuthibitisha kuwa kioo kimekamilika.

"Zahar Lukich, inakosekana saini yako tu. Wakubwa wanafika Jumatatu."

"Hakijaisha."

"Gazeti limeshasema."

"Kioo hakisomi gazeti."

Mpango akateremsha sauti, ingawa wote walisikia. "Binti yako Nelya yuko wa tatu kwenye orodha ya kugawiwa nyumba za kiwanda. Itakuwa aibu akiteremka."

Mikron akaacha samaki. Nelya, mumewe na kichanga chao walikuwa wanalala jikoni kwake, miguu ya mkwe ikiwa chini ya meza. Miaka miwili wanangoja nyumba hiyo. Akaichukua kalamu.

"Nitasaini," alisema Mikron. "Ila na wewe weka saini hapa pembeni yangu. Andika: zikionekana nyota mbili, moja ni ya Zahar, ya pili ni yangu."

Mpango aliitazama karatasi kama mtu aliyeletewa supu yenye nzi.

"Mimi ni mtu wa mipango, bwana. Mambo ya nyota siyajui."

"Mimi nayajua kidogo. Ndiyo maana sisaini." Akamrudishia kalamu.

Mpango akaikunja karatasi ndogo kabisa, akaondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata Redio alikuja na gazeti jipya. "Sikilizeni. Kwa heshima ya Sikukuu, mafundi wetu wamejitolea kukiongezea kioo miezi saba ya ubora."

"Wamejitolea," alisema Klavdia. "Pole, mzee. Na Nelya?"

"Ameteremshwa, sasa wa kumi na moja. Alininunia siku mbili. Leo asubuhi kanifungia mkate wa kazini, ila hajasema neno."

"Na ile nyumba kapewa nani?" aliuliza Redio.

"Mpango."

"Kwa kazi gani?"

"Kwa uangalifu," alisema Mikron. "Imeandikwa kwenye ripoti ya wakubwa kwamba yeye ndiye aliyekigundua kilima."

Hakuna aliyecheka. Halafu Mikron mwenyewe akaanza, taratibu, mpaka bia ikamtoka puani, na wengine wakamfuata. Alipomaliza akajifuta, akavaa kofia, akarudi kiwandani. Kioo kilikuwa kimeshapoa.