Fundi Aliyeliponya Gari Langu Kupita Kiasi

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi Umeme wa Magari.

Ndugu Mwenyekiti,

Kwa heshima na taadhima, namshitaki kwako mwanachama wako, yule mama mnayemwita Mama Volti.

Mimi ni karani mstaafu, mgane, mwenye pikapu kuukuu ya dizeli. Kwa miaka miwili haikuwaka bila kusukumwa. Makosa ya fundi huyu ni haya:

1. Alipima kabla ya kusema. Mafundi watatu waliomtangulia walifungua boneti, wakatikisa kichwa kwa adabu, wakaniuzia betri mpya. Yeye alitoa mita. Injini ikiwa imezimwa, akasoma volti kumi na mbili. Akaagiza gari lisukumwe. Injini ilipowaka, mita haikupanda hata nukta, ilhali ilipaswa kukaribia kumi na nne.

2. Alitoa siri ya gari langu mbele ya majirani. Nilikuwa nimewaambia kwamba betri za siku hizi ni feki. Akasema kwa sauti ya kusikika: "Betri ni nzima, mzee. Inashinda njaa tu." Kumbe altaneta, inayopaswa kuilisha betri umeme injini inapozunguka, ilikuwa imekwisha makaa, vile vipande vidogo vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani yake.

3. Alitengeneza. Alibadilisha makaa kabla chai yangu haijapoa. Tangu hapo gari linawaka kwa kuzungusha ufunguo mara moja, na hili ndilo linaloniuma. Zamani kila asubuhi kinyozi alishika kushoto, mama wa duka kulia, na mshona viatu alisimama nyuma akitoa amri bila kugusa bati. Hapo ndipo nilipojua nani anaumwa na nani kahama. Tangu mke wangu afariki, hao ndio watu pekee niliokuwa nikizungumza nao kabla ya adhuhuri. Leo ni siku ya kumi na moja. Nawasha, naondoka, wananipungia mkono madirishani.

4. Amenifundisha kupima mwenyewe. Sasa hata wasiwasi sina.

Kwa hiyo naomba chama kimwamuru arudishe yale makaa yaliyokwisha. Ikishindikana, nipatiwe wanachama watatu wa kunisukuma kila saa moja asubuhi, mmoja wao awe mbea.

Nisalimie katibu, wajumbe, na anayewapikia chai.

Wako katika kusukumwa,
Karani Mstaafu

N.B. Nilipotoka kwenda posta nimemkuta kinyozi mlangoni, kabeba begi. Mkewe kashikwa na uchungu. Gari limewaka papo hapo. Lingetaka kusukumwa, mtoto angezaliwa barabarani na mkunga angekuwa mshona viatu. Ni mtoto wa kike, na mama yake mzima. Tuliporudi hospitali kumwona mtoto tulijaa watano garini, mimi na wasukumaji wangu wa zamani, na wameniomba niwapeleke tena kesho. Tafadhali msimguse Mama Volti. Barua naituma hivyo hivyo, kwa kuwa stempu imekataa kubanduka.