Kaptura Yangu na Hekalu la Sailani

Yakhe Hamoud, yakhe Said,

Nna aibu mpya, ya leo leo, na bora muisikie kwangu kabla hamjaisikia kwa wengine. Mtaisikia tu. Maskati ni mji wa ukuta, habari ikishaingia haina pa kutokea, inabaki kuzunguka majumbani.

Mnajua nimemposa Salma, binti wa Ami Seif, yule mfanyabiashara wa ndimu kavu tuliyemjua tangu Unguja. Mnajua pia kuwa Ami Seif alinipenda kwa hadithi moja: nilipokuwa mpishi melini, nikaingia hekalu tukufu la Mabudha kwenye kisiwa kidogo huko Sailani. (Kutazama tu, jamani, si kuabudu.)

Kila Ijumaa barazani kwake ni ile ile. "Hebu tupe la Sailani!" Nami natoa. Mara ya kwanza hekalu lilikuwa na ngazi hamsini. Ilipofika Maulidi zilikuwa mia tatu.

Basi leo alasiri nimeitwa kupewa jibu la posa. Nikavaa dishdasha mpya. Nikajifukiza udi mpaka nikakohoa. Nikaingia sebuleni kwa mguu wa kulia.

Nikawakuta watu watatu. Ami Seif mwenyewe. Sheikh Hamed, ami yake, mzee wa Nizwa asiyejua Kiswahili hata neno moja. Na mgeni mwembamba, shati jeupe, kakaa kwa adabu kikombe cha kahawa mkononi. Nyuma ya pazia walikuwepo wanawake. Sikuwaona, lakini bangili zilikuwa zinalia.

"Karibu mwanangu!" akasema Ami Seif, uso unang'aa. "Leo nimekufanyia jambo. Huyu ni Bwana Piyadasa, fundi wa injini. Meli yake imeharibika, iko bandarini wiki ya pili sasa. Unajua kwao wapi?"

"Sijui, ami."

"Sailani! Kutoka kwao mpaka kile kisiwa chako ni kupanda mashua tu!"

Nikacheka. Sijui kwa nini. Kicheko chenyewe kilitoka kama mtu anapaliwa.

Sasa sikilizeni mambo yalivyokuwa. Mgeni anasema Kiingereza. Ami Seif anakifasiri kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa ili pazia lisikie. Kisha anakifasiri tena kwa Kiarabu kwa ajili ya Sheikh Hamed. Kwa hiyo kila kilichonipata leo kimenipata mara tatu.

"Bwana Piyadasa anauliza ulipaonaje," akasema Ami Seif.

Ningejibu "pazuri" mambo yangekwisha. Lakini mnanijua.

"Pazuri mno! Na zile ngazi mia tatu nilizipanda zote bila kupumzika." (Nani aliniuliza ngazi? Hakuna!)

Ikafasiriwa. Mgeni akakunja uso kidogo, akasema neno polepole, kama daktari anayetoa habari mbaya. Ami Seif akanigeukia.

"Anasema kisiwa kile ni bapa kama sinia. Ukishuka gatini, hekalu liko mbele yako. Hakuna ngazi mia tatu."

"Eish yiqul?" akauliza Sheikh Hamed, anataka kujua kimesemwa nini. Akaambiwa. "Ma shay daraj?" akarudia kwa mshangao. Ngazi hakuna?

Nikajimegea halwa, kuzuga.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikaendelea.

"Labda ngazi nimechanganya na kisiwa kingine, ami. Lakini hekalu niliingia. Hata nguo naikumbuka! Nilivaa kaptura yangu ya kaki, imenyooka pasi, mpaka watawa wakawa wanaitazama."

Hilo la watawa kuitazama lilikuwa kweli tupu. Na ndilo lililonimaliza.

Bwana Piyadasa akaweka kikombe chini. Akajaribu kuficha mdomo kwa kiganja. Akasema.

"Anasema haiwezekani," akafasiri Ami Seif, na sasa uso haung'ai tena. "Pale mtu haingii magoti wazi. Hata awe mfalme, anarudishwa mlangoni."

Bangili zikanyamaza. Zote. Sheikh Hamed alipofasiriwa, akajipiga goti lake kwa kidole, akanitazama goti langu, akatikisa kichwa.

Basi nikasimama. Wallahi nilisimama! Kama nafukuzwa, nifukuzwe kwa ukweli.

"Ndiyo, nilirudishwa! Mtawa mmoja mzee alinizuia mlangoni, kwa upole kabisa, akanipa shuka nijifunge. Shuka lenyewe la maua mekundu. Na mabaharia ishirini nyuma yangu wananitazama! Nikakataa. Wenzangu wakaingia, mimi nikabaki juani kulinda viatu vyao. Akaja mbwa, akakwapua kiatu cha nahodha. Nikamkimbiza kisiwa kizima. Na mgeni wako ni mkweli, ami, ni bapa kama sinia. Mimi nakijua vizuri, maana nimekikimbia chote!"

Ami Seif akafasiri. Sauti yake ilikuwa kavu kuliko ndimu zake.

Wa kwanza kucheka alikuwa mgeni. Alicheka mpaka akatoa leso. Kisha pazia likacheka, lote. Likanyamaza. Halafu Sheikh Hamed akamaliza kufasiriwa, akaanza kucheka peke yake, akijipiga mapaja, na kwa ajili yake wakaanza wote upya.

Ami Seif hakucheka.

"Miezi minane," akasema. "Miezi minane unanidanganya barazani kwangu, juu ya mikeka yangu. Na mimi nawasimulia watu, nikisema mkwe wangu ameona dunia."

Hapo, ndugu zangu, sikuwa na mzaha tena.

"Ngazi nilikudanganya, ami. Na kuingia nilikudanganya. Nakuomba radhi mbele ya hawa wote. Lakini posa sikukudanganya. Ukininyima, sitasema umenionea."

Ikaja sauti ya Bi Zuwena, mama yake Salma, kutoka nyuma ya pazia.

"Seif, muulize, hicho kiatu alikipata?"

"Nilikipata, bibi," nikajibu mwenyewe. "Kimetafunwa kisigino tu."

"Ukamwambia nini mwenye kiatu?"

"Nikamwambia ukweli. Mbwa. Hakuniamini, akanikata mshahara wa siku mbili."

Wakanong'ona huko nyuma. Nikasikia sauti nyembamba, ya haraka haraka. Kisha Bi Zuwena tena:

"Salma anasema, mwanamume anayekimbiza mbwa kisiwa kizima kwa ajili ya kiatu kisicho chake, huyo anamtosha. Ila hizo ngazi asizisikie tena nyumbani kwake."

Ami Seif akalitazama pazia. Akanitazama mimi. Akamtazama Sheikh Hamed, ami yake, aliyekuwa bado anajifuta machozi. Mzee akaambiwa kwa Kiarabu, akasema neno moja tu: "Mabruk!" Hongera.

"Basi," akasema Ami Seif, na hapo ndipo mdomo wake ulipoanza kucheza. "Lakini Ijumaa utakuja barazani, utawasimulia watu wote ilivyokuwa kweli. Kaptura, viatu, mbwa. Hukati hata kidogo."

Nimekubali. Nitasimulia wima, kwa sauti.

Kwa hiyo chekeni mpaka mchoke. Nimeaibika kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, na Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha tu, naoa. Nyinyi wawili, wakweli wangu, bado mnajipikia wenyewe.