Ombi la Kufutiwa Swali Langu Kuhusu Mlango wa Kina Odeta

Nsemulwa, Mpanda

Kwa Ndugu Telesfori,
Admin wa kundi la Tuulizane Katavi.

Ndugu Admin,

YAH: KUFUTIWA SWALI LANGU, NA KUZUIA WATU KUULIZA WATU KUHUSU WATU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na simu yako. Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu kila ninachoandika kundini kinajibiwa kabla sijamaliza.

Kwanza ieleweke kwamba silichukii kundi. Bata wangu alipovimba macho, nilitafuta dawa mtandaoni kwa njia ya kawaida nikaletewa picha za bata wa Ulaya wenye afya njema. Nilipouliza kundini, dada mmoja wa Kasansa alinijibu papo hapo: mnawishe kwa maji ya chumvi, asubuhi na jioni. Ni kweli kwamba mwingine alishauri nimchinje, na mwingine akauliza kama namuuza. Lakini bata alipona, na tangu hapo nikaliamini kundi kuliko ninavyojiamini mwenyewe. Hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Odeta ni fundi cherehani wa Mwese. Alikuja kwenye chama chetu cha wakulima wa mpunga, ambako mimi ni karani, kutupima sare. Alipoondoka alisahau mkasi wake mezani kwangu. Namba yake alikuwa nayo bosi peke yake, na bosi alikuwa msibani. Sikuthubutu kumpigia mtu aliye msibani kwa habari za mkasi. Basi nikaandika kundini hivi, neno kwa neno:

"Habari za muda huu. Namuulizia Odeta, fundi wa Mwese. Anayewafahamu wazazi wake naomba anielekeze mlango wa kwao. Nina nia njema."

Mkasi sikuutaja, asije akajitokeza mtu mwingine kudai ni wake. "Nia njema" niliiongeza nisidhaniwe tapeli. Nilijiona nimekuwa mwangalifu sana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Watu walijibu bila kujibu. Hakuna aliyesema nyumba iko wapi. Waliandika "Hongera kaka", "Hatimaye!", na "Kumbe kimya kimya!" Nilidhani napongezwa kwa uaminifu, nikajibu kwa adabu: "Asanteni, ni wajibu wangu kama kijana."

2. Kina Odeta ni watu wenye asili ya Burundi. Kwao, na hili nimelijua baadaye, kijana akiomba mlango wa nyumba yenye binti, ameanza kuposa. Mimi ni Mpimbwe, mwenyeji wa Katavi hapa hapa. Kwetu mlango ni mbao na bawaba. Kundini wamo watu wanaojua mambo ya pande zote mbili, ila hata mmoja hakuniuliza ninasema mlango upi. Baba mdogo wa Odeta, mzee Pontien, akaandika: "Tumekusikia unabisha, kijana. Njoo Jumamosi na mtu mzima." Nikadhani mtu mzima ni wa kushuhudia makabidhiano. Nikajibu: "Sawa mzee, nitakuja na anayestahili." Vidole gumba vilivyofuata sijawahi kuviona hata kwenye matokeo ya mpira.

3. Shangazi yangu Natalia yumo kundini. Tangu ajiunge hajawahi kuandika kitu, hutuma tu picha za maua na kheri ya asubuhi. Siku hiyo alituma ujumbe wa sauti, wote mkausikia: "We Gelasi, yaani sisi wa damu tunayapata haya kundini kutoka kwa watu baki? Haya bwana. Mjomba wako keshapiga pasi koti." Nikamwandikia pembeni kwamba hapa kuna mkasi tu. Akanijibu, "Usiwe na haraka mwanangu, vyombo vya nyumbani vitanunuliwa baadaye."

4. Hili ndilo lililonikondesha. Mzee Pontien aliuliza kundini: "Huyu karani Gelasius ni mtu wa namna gani? Nyie mnaomjua semeni." Ndugu Admin, mimi nimo humo humo. Nilikaa nikisoma habari zangu zinavyoingia, nikiogopa kuandika "nipo" nisionekane najipigia kampeni.

Maiko, niliyesoma naye, aliandika: "Mpole sana. Kwenye mdahalo alizimia kabla hajaitwa." Mama mwenye nyumba wangu: "Hana kelele. Anabisha hodi hata kwenye chumba chake mwenyewe." Kisha mtu nisiyemjua kabisa, mwenye picha ya trekta: "Namfahamu huyo, ana watoto Sumbawanga." Alipobanwa na mzee alisema, "Samahani, nilidhani Gelasius wa mnadani." Lakini watoto wa Sumbawanga walikuwa wameshapigiwa vidole gumba, na hakuna aliyeondoa cha kwake. Shangazi alinipigia simu, si kwa hasira, bali kuuliza majina yao.

5. Mmeulizana nyie wote, akasahauliwa mtu mmoja. Odeta mwenyewe, ambaye hayumo kundini, aliandika mara moja tu kwa simu ya mzee Pontien: "Mkasi wangu una kitambaa chekundu kwenye mshikio. Kama ndio huo naomba nirudishiwe, nina kazi za watu. Hayo mengine mimi sijaulizwa." Ujumbe huo haukujibiwa na yeyote, hata mimi, kwa aibu. Chini yake mtu akaulizia mbegu za alizeti. Mbegu zikajibiwa.

Sasa Jumamosi inakuja. Nisipokwenda, Odeta ataonekana mbele ya kundi zima kuwa binti aliyebishiwa mlango akaachwa, na hajakosa kitu. Nikienda, nitakuwa nimeposa kwa makosa ya lugha.

Kwa hiyo naomba swali langu lifutwe, na kundi liwekewe taratibu. Anayemfahamu mtu asiruhusiwe kujibu kuhusu mtu huyo, kwa kuwa atakuwa na upendeleo. Asiyemfahamu naye asijibu, kwa kuwa hamfahamu. Kila mwenye ndugu katika mkoa huu aondolewe kundini, maana ndugu hawezi kusoma swali likabaki swali. Nimelitafakari hili kwa makini, na naona watakaobaki ni wewe na yule muuza simu wa Dar es Salaam anayetutumia matangazo kila siku. Mtaishi kwa amani.

Kama taratibu hizi ni ngumu, basi lifungwe kundi zima, na watu warudi kuuliza mashine ya mtandaoni, ambayo ikikosea haina shangazi.

Wasalimie wanakundi wote, wa mpunga na wa alizeti, na yule wa trekta pia, sina kinyongo naye.

Ni mimi, mwenye heshima na wasiwasi,

Gelasius, karani.

Nyongeza: Nilikuwa sijaifunga bahasha bosi aliporudi akanipa namba ya Odeta. Nilimpigia nimwombe radhi. Maneno yakapishana, na badala ya kuomba radhi nikajikuta nimemuuliza lile ambalo kundini hakuna aliyemuuliza. Alisimamisha cherehani kwanza. Kisha akasema, "Hilo sasa ndilo swali. Njoo uliulize kwetu." Kwa hiyo tafadhali usifute kitu, na usimwondoe mtu. Ila niulizie kundini leo hii hii: barabara ya Mwese inapitika kwa gari dogo, au mvua imeshaiharibu? Wajibu wote, hata wasiojua.