Nimelia Kabla ya Kuuliza Nani Amekufa

Leo nimeaibika mbele ya lupango nzima, yaani ua wetu wote wa nyumba.

Tuanze na usingizi ambao sikuupata. Swali lilikuwa moja: unamuagaje mama aliyekulisha? Tangu nitoke hospitali baada ya kupasuliwa kidole tumbo, Mama Ngalula, jirani ninayekaa naye lupango moja, ananiletea uji kila asubuhi. Anauza samaki wakavu sokoni, hata uji wake unanukia kidogo Kinkondja, kule samaki wanakovuliwa, lakini ndio ulionisimamisha. Nami nimepata kazi ya kufundisha Lubumbashi. Sijamwambia. Nikimwambia kabla ya uji, ataona nimeukataa. Nikimwambia baada ya uji, ataona nimekula kwanza. (Nilisoma miaka mingi ili niweze kuwaza hivi.)

Asubuhi nikasikia treni itafika wiki hii. Treni yetu haina saa, ina fununu tu. Nikaona nifunge mizigo Mama akiwa sokoni, maneno nitayatafuta baadaye. Kwa kuwa daktari amenikataza kunyanyua vitu, nilimwita mwenye baiskeli ya mizigo. Akatoa vyote mbele ya nyumba, godoro, viti, meza, ili aone kipi kitafika stesheni, kisha akaenda kutafuta kamba. Mimi nikaingia nyuma kuoga. Kuoga na kidonda si kuoga, ni mazungumzo marefu na kitambaa.

Nikiwa huko, nikasikia kilio. Si cha mtu mmoja.

Nani amekufa? Mzee wa nyumba ya pili? Jana tu alikuwa anagombana na bata, mzima kabisa. Nilitaka sana kujua, nakiri. Nikavaa haraka, nikafunga kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi kama inavyopaswa msibani, nikazunguka nyumba. Wanawake wamejaa mbele, wengine chini, wengine juu ya viti vyangu. Nikasema moyoni: wameazima bila kuuliza, lakini msiba ni msiba. Nikaketi mwisho kabisa, nikaanza kulia. Kwetu huulizi kwanza. Unalia, kisha unauliza. (Na ninalia vizuri. Leo nililia huku nimeshika tumbo, ikapendeza zaidi.)

Nilipoona nimelia vya kutosha, nikamgeukia mama mmoja nisiyemjua, nadhani mke wa askari wa kambi ya jeshi, mwenye beseni la sombe, majani ya muhogo. Nikamuuliza ni nani.

"Njo ule mutoto mwanamuke wa hii nyumba," akasema. "Ule balipasulaka tumbo."

Nikasikitika. Nikaanza kutafuta kichwani nani mwingine amepasuliwa hapa. Nikamuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Akasema hamjui, yeye alikuwa anapita tu, lakini wanasema alisoma sana, na hata salamu alikuwa anaiwazia kabla ya kuijibu. Maskini, nikawaza, tungeelewana.

Hapo ndipo nikatazama viti. Kisha godoro. Mtu alikuwa mgonjwa, na leo vyombo vyake vyote viko nje. Hapa mjini Kamina kila mtu anajua maana yake: nyumba imeachwa wazi kwa ajili ya kilio. Mpita njia mmoja aliona, habari ikakimbia sokoni.

Mbele kabisa, Mama Ngalula alikuwa amekaa kwenye vumbi, kitenge kimefungwa kiunoni, sauti imemwisha.

Ningeweza kurudi bafuni. Nililiwaza hilo kwa makini. Lakini nilipoinuka, mshono ukanivuta, nikaguna, naye akageuka.

Kilio kikakatika. Mama wa sombe akavuta beseni lake mbali nami. Mama Ngalula alinishika uso, kisha mkono, kisha akanifinya kwelikweli. Nikapiga kelele. Akaridhika.

"Weye hauyakufa," akasema. "Sasa biombo biko inje juu ya nini?"

Nilikuwa na uongo tayari: kunguni, jua la godoro, kupaka rangi ukuta. Wote mzuri. Nikamtazama, ana vumbi hadi kwenye nywele kwa ajili yangu.

"Niko nahama, mama. Nilipata kazi Lubumbashi. Niliogopa kukuambia."

Akakung'uta kitenge chake taratibu, mpaka nikatamani waendelee kulia.

"Muntu akikufa, minyi najua kulia," akasema. "Muntu akihama kimya-kimya, sasa minyi nafanya nini?"

Nikapiga magoti, mimi na diploma yangu, polepole, nikamuaga palepale mbele ya waombolezaji wangu wote. Alinisonya. Kisha akanifuta vumbi magotini, akaniambia niende kwa wengine pia, maana wamenililia bure.

Basi mchana wote nimezunguka nyumba kwa nyumba nikiaga. Nyumba mbili hazikunifungulia. Walichungulia dirishani, wakavuta pazia.

Kwa hiyo, jamaa zangu, ukisikia nimekufa, subiri kwanza nithibitishe mwenyewe. Ukisikia nimehama, ni kweli, na nimeaga.