Majivu ya Mfalme na Saraka Elfu Mbili

Jumatano, 1 Machi 2006

Imefika! Diski ya programu imeletwa na posta asubuhi, nikaacha uji wangu wa samaki ukipoa mezani. Maelezo yote ni ya Kiingereza. Kiingereza sijui, lakini picha ya juu ya boksi inajieleza yenyewe: dunia nzima, na mishale imeizingira pande zote. Muuzaji aliniambia kwamba programu hii inachukua anwani ya tovuti yako na kuipeleka yenyewe kwenye saraka elfu mbili, yaani yale majitabu ya mtandaoni yanayoorodhesha tovuti za watu. Kila saraka ikikuandika, umepata kiungo kinachoelekea kwako. Ukiwa na viungo vingi, injini ya kutafutia inakuona u mtu mzito, inakupandisha juu ya wenzako. Elfu mbili! Mimi, fundi wa milango ya chuma ya mota hapa Tainan, nitabisha hodi elfu mbili bila hata kuvaa viatu.

Sababu niiandike, nikizeeka nisije kusahau. Hekalu letu na hekalu la ng'ambo ya mto yote ni ya Mfalme Yao, mungu wetu, kila hekalu na sanamu yake. Sisi tunasema wetu ndiye aliyetangulia kuvuka bahari, na wa ng'ambo ni mtoto tu, aliyepewa majivu ya udi kutoka chetezo chetu akaenda kuanzisha kwake. Wao wanasema vivyo hivyo, kinyume chake. Sasa mahujaji wa Pingtung, wilaya ya kusini, wanakuja tarehe 25, mabasi arobaini, kuliamkia hekalu mama. Katibu wao amemwambia mwenyekiti wetu, Mzee Hung, kwamba hawapendi kugombanisha watu. Wataandika jina la Mfalme kwenye kompyuta, na hekalu litakalotokea juu ndiko watakakokwenda.

Linalotokea juu leo ni la ng'ambo! Katibu wa huko ni Chuang Ming-tou, niliyesoma naye darasa moja, na ambaye hajawahi kunishinda bila kunipigia simu baadaye. Mahujaji wakienda kwake, basi tena: kila mwaka Mfalme wetu atabebwa kwenye kiti chake, avushwe daraja, akampe shikamoo mdogo wake. Mzee Hung alinishika mkono mbele ya kamati nzima, akasema, "Katibu Ko, uso wa Mfalme umo mikononi mwako." Machozi yakanitoka. Nikasingizia moshi.

Alhamisi, 2 Machi

Kazi kama hii haianzi bila ruhusa ya Mfalme. Nikapiga magoti, nikavirusha vile vibao viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, vya kumuulizia Mfalme. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, amekubali. Vyote chali, anacheka. Vyote kifudifudi, hataki.

Nikauliza: niitumie programu? Akacheka. Nikauliza tena kwa sauti ya heshima zaidi. Akacheka. Nikaeleza habari za viungo na saraka, kwa kuwa Mfalme ni wa zamani na huenda hakunielewa. Akakataa. Nikamletea pipi za karanga. Akacheka. Nikahamia upande wa pili wa mkeka. Akakubali!

Mke wangu, Pi-hsia, alikuwa mlangoni akinisubiri. Akasema mimi simuulizi Mfalme, namchosha. Wanawake hawaelewi mashauriano.

Jumamosi, 4 Machi

Leo nimeona muujiza, na nitauandika taratibu nisiruke hata hatua moja.

Kwanza kulikuwa na visanduku vya kujaza. Jina la tovuti, nikaweka. Barua pepe, nikaweka. Halafu aina ya shughuli, unachagua moja tu kwenye orodha ndefu. Nikakaa na kamusi mapajani. Hekalu sikuliona. Nikachagua "nyumba na viwanja", maana Mfalme anayo nyumba, na kiwanja pia, tena cha pembeni mwa barabara.

Nikabonyeza. Ukatokea mstari wa kijani ukitambaa kutoka kushoto kwenda kulia, na chini yake majina ya saraka yakaanza kupita, moja baada ya jingine. Marekani! Poland! Brazil! Mahali panapoitwa Ohio! Mfalme wetu, ambaye kwenye kiti chake hajawahi kufika hata Taichung, alikuwa akipita mlango kwa mlango duniani kote na kila mahali akitaja jina lake. Mimi sikugusa chochote. Nilikuwa nimekaa, mikono magotini, kama mtoto aliyeletwa mbele ya mwalimu mkuu.

Nikawasha kijiti cha udi, nikakichomeka mbele ya kompyuta. Pi-hsia akauliza sasa tumeanza kuabudu hata mashine? Nikamwambia anyamaze, mstari umefika nusu.

Jumatatu, 6 Machi

Barua pepe zinamiminika! Sanduku limejaa, nimelimwaga, limejaa tena. Nimezitafsiri chache kwa kamusi. Zote zinasema jambo moja: karibu, tumekupokea, tumekuandika. Wengine wanaomba nasi tuwataje kwenye ukurasa wetu. Ombi la adabu kabisa! Nimewataja wote. Chini ya picha ya Mfalme sasa kuna majina ya bluu hadi mwisho wa ukurasa: wauza dawa za kupunguza unene, nyumba za kamari, na kinyozi wa mbwa wa Ohio.

Nikampelekea Mzee Hung habari. Alivaa miwani, akayafuata yale majina kwa kidole hadi mwisho wa ukurasa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama hawa wote wamempokea Mfalme wetu majumbani mwao. Nikamwambia ndiyo, wameandika wenyewe. Akainuka. Mzee wa miaka themanini na mbili akainuka! Akasema, "Basi hawa ni watoto wetu, Ko. Na mtoto haendi kuanza maisha bila majivu ya kwao."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Nikaona aibu. Kumbe nilikuwa nimezaa watoto elfu mbili na sijawapa hata cha kuanzia!

Nimeanza kutafuta anwani zao za posta. Wachache ndio wanazo, lakini hao wachache ni mamia.

Ijumaa, 10 Machi

Siku ya kuchota. Chetezo chetu ni cha shaba, kipana kuliko ninavyoweza kukumbatia, na majivu yalikuwa yamefika ukingoni. Hakijawahi kumwagwa. Kikijaa mno, hupunguzwa kijiko kimoja na hekalu mtoto hupewa, basi.

Nilipoingiza mikono nilisisimka mwili mzima. Majivu ni laini kuliko unga, na ndani yana ubaridi. Humo yumo babu yangu akiomba mvua. Humo yumo mama yangu, aliyechoma udi asubuhi na jioni nilipougua surua, mpaka nikapona. Kila alichowahi kuomba mtu wa kijiji hiki kimo humo, kimeungua, kimetulia. Nilipiga goti nikasema asante mama.

Kisha nikachota.

Pi-hsia alisema kijiko kimoja kwa kila pakiti kinatosha. Kijiko! Tumwonyeshe mtu wa Poland kwamba sisi ni mabahili? Nikatumia bakuli la supu. Mzee Hung alikuwa anafunga pakiti kwa utepe mwekundu, macho yake hayaoni mbali, na kila pakiti aliibariki kwa jina: "Nenda, mtoto wa Ohio. Nenda, mtoto wa Poland." Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo.

Karani wa posta akauliza kama hayo ni majivu ya maiti. Nikamjibu kwamba mwenye majivu hajafa na hafi. Akanitazama, akagonga mhuri. Magunia yote yamekwenda kwa meli.

Jumatano, 15 Machi

WA KWANZA! Nimeandika jina la Mfalme Yao, na juu kabisa ni sisi. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Sisi! Nikaenda kwa muuza supu ya ng'ombe, nikamwomba mwanawe aandike kwenye kompyuta yake. Sisi! Nikala mabakuli mawili.

Katibu wa Pingtung amepiga simu kwa Mzee Hung. Wameona. Wanakuja kwetu, mabasi yote.

Nikavuka daraja kwa pikipiki, bila sababu yoyote, nikapita polepole mbele ya hekalu la Chuang. Alikuwa kwenye ngazi akitafuna tambuu. Nikamwambia habari za asubuhi, mdogo wangu. Ananizidi miezi mitatu. Akatema mate mekundu, akasema, "Cheka tu, kaka. Siku bado."

Nimelala kitandani nikiwaza jinsi mashine isiyo na miguu, isiyojua kuomba wala kuinama, ilivyompandisha mfalme kwenye kiti chake. Dunia ina mambo makubwa, na mimi nimeyashika kwa kidole kimoja.

Jumapili, 19 Machi

Tumepotea.

Nimeandika jina la Mfalme: yupo Chuang peke yake. Nimeandika jina la hekalu letu kamili, na kijiji, na wilaya: akatokea kinyozi wa mbwa. Sisi hatupo mahali popote! Nikampigia muuzaji wa programu. Akasema, bila haya, kwamba injini ya kutafutia inawajua wanaojitembeza kila mlango kwa siku moja, tena wanaokaa pamoja na wacheza kamari, na ikikasirika inawafuta. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema imo kwenye maelezo, ukurasa wa pili.

Chuang amepiga simu. Ametoa pole. Ameuliza kama tumehama.

Lakini haidhuru! Mahujaji walishaona, walishaahidi, na mtu wa Pingtung akitoa neno hageuki. Nimefagia ua mara mbili.

Jumamosi, 25 Machi

Niandike upesi niimalize.

Mabasi yalifika na ngoma na fataki, barabara yote ikawa nyekundu kwa makaratasi. Kiongozi wao ni Bibi Tien, mama mfupi mwenye kofia ya mkulima, sauti yake inapita ngoma. Mzee Hung alivaa joho lake la hariri. Mimi nilibeba bendera. Chuang naye alikuja, eti kutazama tu, akasimama pembeni na tambuu lake.

Bibi Tien akawasha udi, akamwinamia Mfalme, akaenda kuchomeka kijiti kwenye chetezo. Mkono ukashuka. Ukazidi kushuka. Halafu ng'! Kijiti kimegonga shaba.

Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Kila mtu alisikia.

Akainama akachungulia. Chini kulikuwa na majivu ya siku chache, hayafiki kina cha kidole. Bibi Tien ni mtu mwenye adabu. Hakututukana. Aligeuka kwa Mzee Hung, akatabasamu, akasema, "Hekalu zuri sana, Mzee wangu. Jipya?"

Mzee Hung akakishika chetezo ukingoni. Alinitazama mimi. Nami nikatazama bendera.

Walitushukuru kwa chai, wakapanda mabasi, wakavuka daraja. Fataki za ng'ambo zililia mpaka jua likazama. Mwezi wa tisa, siku ya sikukuu, Mfalme wetu atabebwa kwenda kutoa shikamoo.

Mama yangu yuko baharini, ndani ya gunia, anaelekea kwa kinyozi wa mbwa. Nimeliwaza hilo nikashindwa kula. Pi-hsia hakusema, "Nilikwambia." Aliniwekea mkono mgongoni, akauacha hapo. Hapo ndipo nililia, na safari hii hakukuwa na moshi wa kusingizia.

Jumapili, 26 Machi

Kamati imekaa. Mimi si katibu tena.

Mzee Hung hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alinipeleka mbele ya chetezo, akakilaza kiganja chake juu ya ile shaba tupu. Akasema, "Mwanangu, tutakijaza. Kijiti kimoja asubuhi, kimoja jioni, na ukichome kwa mkono wako mwenyewe." Nikauliza itachukua muda gani. Akasema babu zake walichukua miaka mia mbili, lakini mimi ni kijana.

Nikainama. Nikaapa. Nikawasha kijiti changu cha kwanza, nikakaa kukitazama kikiungua. Ni kitu cha ajabu, kijiti cha udi. Kinaungua polepole sana, majivu yanajikunja, yanasimama, yanaanguka yenyewe bila kuguswa na mtu. Moyo wangu ukatulia kabisa. Nikaelewa kwamba yapo mambo yasiyoharakishwa, na kwamba huo ndio uzito wake.

Kisha upepo ukaingia mlangoni, kijiti kikaisha upesi.

Nimerudi dukani kwangu mbio. Mota ya mlango wa gereji ina nguvu ya kuzungusha pipa la vijiti mia tano bila kuchoka. Feni mbili pembeni, mnyororo wa kulisha vijiti, bomba la kushushia majivu moja kwa moja kwenye chetezo. Nimechora yote. Kufikia mwezi wa tisa tutakuwa na majivu ya miaka mia mbili, na nikiongeza feni ya tatu, mia tatu, kumzidi Chuang! Nimesimama mbele ya mchoro nikatetemeka kwa utukufu wake.

Nimelipima vizuri agizo la Mzee Hung, sitaki kumvunjia heshima. Alisema kwa mkono wangu mwenyewe. Swichi nitaibonyeza mimi.