Yah: Mdogo Kumtangulia Mkubwa Wake Kwenye Tangi la Tatu

Matongo, Tarime
Jumatano asubuhi

Kwa Mhandisi Shamsia,
Mtambo wa Kuchenjua Dhahabu.

Ndugu Mhandisi,

Salamu zikufikie hapo ofisini uliponifukuza juzi. Naomba unirudishe kazini, maana mimi sina ng'ombe wala shamba. Ninachokijua duniani ni lile tangi la tope la mawe. Kabla hujakataa, pokea malalamiko yangu.

1. Ulitufundisha kwamba tangi lina vidhibiti viwili. Mkubwa anatazama kina cha tope, kisha anasema liingie kiasi gani. Mdogo anatazama bomba, anafungua na kufunga koki mpaka kiasi hicho kitimie. Hapo sina ugomvi.

2. Ugomvi ni haraka ya mdogo. Presha ya bomba ikipanda, yeye kashabana koki kabla mkubwa hajajua kitu! Kwetu Wakurya mtu wa rika la chini hatangulizi mkono mbele ya rika la juu. Niliona aibu kwa niaba ya mashine.

3. Kwa hiyo nilimtia adabu. Nilimpunguzia mdogo mwendo, nikamwongezea mkubwa, halafu nikakaa kusubiri kushukuriwa.

4. Mkubwa akaagiza. Mdogo alikuwa bado anashughulikia agizo la kwanza. Mkubwa akaona hasikilizwi, akazidisha, na tope lenye dhahabu likafurika hadi getini. Ripoti imeandika "uzembe". Neno adabu halimo kabisa, na hilo limeniuma.

5. Nilivutwa topeni kwa kamba. Buti langu la kushoto bado limo.

6. Kwa kuwa nimewazidi rika wote wawili, naomba nikirudi koki isiguswe na yeyote mpaka mimi nitoe ruhusa.

Wasalimie wote wa zamu ya asubuhi, hata Heche aliyeshika kamba huku akicheka.

Wako mtiifu, wa buti moja,
Simioni Machage

Nyongeza: Doa hilo kwenye karatasi ni uji. Siku zote mimi husema tu nataka uji saa ngapi. Mke wangu Wegesa akiona unapanda huvuta ukuni mwenyewe, na haujawahi kumwagika. Leo nilimwambia asiguse moto mpaka nimalize barua nimpe ruhusa. Ametii. Watoto wameenda shule na njaa. Mhandisi, tafadhali mrudishie mdogo kasi yake. Nami ukinirudisha, nitamwacha afanye kazi yake.