Askari Wako Hawajui Kuchagua Spana

Sange, tarehe 9 Mei 1999

Kwa Bwana Komanda wa askari walioko kwenye hangari ya zamani ya pamba.
Nakala: Komanda wa wale mnaopigana nao, popote alipo, kwa mkono wa mama muuza maziwa.

Bwana Komanda mheshimiwa,

Baada ya salamu, na baada ya kukupongeza kwa ushindi wa Jumanne (kama ulikuwa wenu, sisi wa barabarani hatukuambiwa), mimi Placide Ngendakumana, mkulima wa mpunga na mwenye mashine ya kukoboa iliyo nyuma ya soko la Sange, naleta malalamiko juu ya askari wako. Silalamiki kwamba wanaiba. Vita ni vita, na kuku wangu waliniaga tangu mwaka wa tisini na sita. Nalalamika kwamba wanaiba bila ujuzi.

Ili unielewe, nianze na jinsi spana zangu zilivyopatikana. Mwaka juzi nilishuka Uvira kutafuta seti nzuri ya kutengenezea vitu vya nyumbani. Nikaingia dukani kwa Mama Kadija, ambaye baba yake na babu yake waliuza vyuma katika mji ule. Nikashika seti iliyong'aa kuliko zote. Akaninyang'anya.

"Mungaro iko ya sahani," akasema. "Spana haichaguliwe na macho, baba. Ipime mukononi."

Akanifundisha kwamba spana nzuri ni nzito kuliko inavyoonekana. Kwamba namba yake imepigwa ndani ya chuma, haikupakwa rangi. Kwamba upande mmoja ina mdomo na upande wa pili ina pete. Na kwamba lazima uivalishe nati pale pale dukani, kwa sababu ikilegea dukani, nyumbani itakula nati. Nilivalisha moja moja hadi adhuhuri. Nikarudi Sange na spana nane: 8, 10, 11, 12, 13, 14, 17 na 19. Mke wangu Libérate alizishonea mfuko wa turubai wenye vyumba vinane. Bwana Komanda, nilikuwa mtu mwenye furaha.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Mwezi wa nane mwaka jana, askari mmoja wa jeshi lililokuwa linaondoka aliingia uani akasema, "Leta kile ya pikipiki." Wajua kwamba kwetu ufunguo wa kuwashia na spana vyote tunaviita kile. Kwa nia njema nikamletea namba 10, kwa kuwa ndiyo inayokaza mnyororo. Akaitazama, akanitazama, akaitia mfukoni, kisha akaisukuma pikipiki yangu kwa miguu hadi Luvungi. Ufunguo ulikuwa umetundikwa ukutani, nyuma ya kichwa chake. Pikipiki nimemsamehe. Lakini mtu anachukuaje 10 na kuacha 12 na 13, ambazo ndizo wenzake wa kazi?

2. Majuma mawili baadaye wakaja wa kwako, wakimfukuza yule. Wakachukua 12, 13 na 14. Nikawauliza kwa adabu wanatengeneza mashine gani. Sajini wako Hyacinthe akajibu, "Hakuna mashine, muzee. Iko ya bia." Bwana Komanda, anafungulia chupa kwa upande wa pete. Upande wa mdomo ndio unaoshika kizibo. Nilimwonyesha mwenyewe na chupa ikafunguka vizuri sana. Spana hakurudisha, wala bia sikupewa.

3. Namba 17 ni kigingi cha hema lako. Nimeiona. Inaota kutu.

4. Vijana wa msituni nao walishuka kutoka upande wa Rurambo wakachukua 19. Mkubwa wao, Protais, anaivaa shingoni kwa kamba kama dawa ya risasi. Mimi ni Mkatoliki na dawa ya mtu siijadili. Ni kweli kwamba tangu aivae hajapigwa. Nilimshauri tu kwamba akitaka kinga, spana kubwa zaidi ingefunika kifua zaidi. Akasema namba zaidi ya 19 sikuwa nayo, na hapo alikuwa na haki.

5. Hakuna hata mmoja wenu aliyegusa 11. Majeshi mawili na msitu mmoja yamepita nyumbani kwangu, na wote mkaiacha mahali pake. Kila fundi anajua kwamba 11 haina nati yake chini ya jua. Maana yake ujuzi mnao. Basi haya mengine mmeyafanya kwa makusudi.

6. Tangu Kwaresima, nati moja ya kichwa cha mashine ya mpunga imelegea. Mashine inatoa moshi ubavuni na haikoboi tena. Ni nati moja tu, lakini ni ya namba gani siwezi kujua, maana spana za kuipimia mnazo ninyi. 8 na 11 nimezijaribu, ni ndogo. Wanawake wa Sange wamerudi kwenye kinu na mchi. Libérate anatwanga chini ya dirisha langu kila asubuhi, na kila mchi unaposhuka anataja namba: kumi, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne, kumi na saba, kumi na tisa. Kisha anaanza upya. Jirani yetu Concilie amejifunza, na sasa wanaitikizana. Viganja vya mke wangu vimechubuka hata rozari anaishika kwa ncha za vidole. Jumapili nilimwona kanisani akiishika hivyo, nikashindwa kuimba.

7. Kwa hiyo Jumatatu nilivaa koti nikaenda mwenyewe kwenye kizuizi chenu. Mlinzi akaniuliza ninatafuta nini.

"Natafuta kumi na tatu," nikasema.

Akawahesabu wenzake kwa kidole, mara mbili. "Hapa tuko kumi na wawili. Huyo wa kumi na tatu weye umemuona wapi?"

Kabla sijajibu, wote walikuwa wamelala chini, bunduki zimeelekea kwenye mihogo ya Concilie. Nami nikalala nao, na koti langu. Walipigana na shamba lile hadi saa kumi. Walishinda.

Bwana Komanda, ombi langu ni dogo. Naomba siku moja, Jumamosi ijayo, tangu saa mbili hadi saa sita, kila mwenye spana yangu aje nayo kwenye mashine. Sidai zirudishwe, kila mtu ataishika yake. Mtapanga mstari kwa namba, si kwa vyeo. Bunduki zitalazwa juu ya magunia matupu, mbali na mafuta. Yule wa 10 wa jeshi la zamani nimemtumia habari kwa dereva wa lori.

Protais amekwisha kujibu, kupitia Mama Apollinarie anayetuletea maziwa kutoka Rurambo: "Mwambie muzee, hii haitoki shingoni vita ikingali iko. Minye nitakuja nayo hivi hivi." Nimeona haki yake. Ikionekana kwamba nati ni ya 19, Protais atalala kifudifudi juu ya mashine, spana ikiwa shingoni, na tutamzungusha yeye taratibu kuelekea kulia. Miguu yake naomba ishikwe na askari wako wawili wenye nguvu. Nimewaza sana jambo hili, na sioni jinsi watu waliomzungusha mwenzao kiasi hicho watakavyorudi kumpiga risasi alasiri ile ile. Kama vita vyote vitaishia hapo, mimi sitadai sifa. Mtakoboa mpunga wenu kwanza, maana nasikia askari wako wanaula na maganda yake, na nasikia pia habari za foleni ya asubuhi kwenye choo cha kambi.

Nawasalimu maofisa wako wote, wapishi, wale kumi na wawili wa kizuizini, na sajini Hyacinthe kwa namna ya pekee. Uwasalimu na adui zako mtakapoonana. Libérate hakusalimu, lakini anatwanga.

Ndimi mtu wako mtiifu, kwa muda wote mtakaokuwa hapa,

Placide Ngendakumana

T.B. Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi alipopita Itangishaka, fundi wa malori wa Uvira. Ameipima nati, kisha akaniuliza kama niliwahi kujaribu spana yangu hata moja juu ya mashine hii kabla hamjaanza kuzichukua. Sikuwahi, ilikuwa haijaharibika. Anasema mashine imeundwa kwa vipimo vya inchi, na seti yangu yote, kuanzia 8 hadi 19, ni ya milimita. Hata zote nane zingekuwa mikononi mwangu, hakuna ambayo ingeishika nati ile. Kwa hiyo mkutano wa Jumamosi umefutwa, nanyi mwaweza kuendelea na vita. Ila nimesikia kwamba mwezi uliopita askari wako walitembelea karakana moja kule Luvungi, iliyokuwa na seti kamili ya inchi. Nikiikuta mlangoni kwangu asubuhi yoyote, sitauliza ilikuwa ya nani.